Sura ya Tisa: Moshi wa Siku ya Msalaba

Ungamo lilikuwa la kurasa mbili na nusu. Chini yake mzee Tiburcio Rangel alikuwa ametia sahihi kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Inspekta Eulalia Barragán alikuwa amelisoma mara nne tangu asubuhi, na kila alipofika mstari wa kumi na tatu alikwama.

"Kuanzia Aprili hadi Juni," mzee alikuwa amesema, "nilichoma matairi na maganda ya betri katika tanuri langu la matofali kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Moshi huo ndio uliomuua mjukuu wangu."

Mjukuu mwenyewe ni Yaretzi, miaka mitano, aliyekufa tarehe kumi na mbili Juni damu yake ikiwa imejaa risasi, madini yale yanayotiwa ndani ya betri za magari. Mtaani kwao San Onofre, nje kidogo ya mji wa León, watoto wengine kumi na mmoja walipimwa wakakutwa nayo. San Onofre ni mtaa wa wachoma matofali. Una matanuri arobaini, na watu wa mjini wamekuwa wakiulaani moshi wake tangu enzi za babu zao. Basi mzee alipoungama, ofisi nzima ya ulinzi wa mazingira ilishusha pumzi. Kesho saa nne asubuhi angefikishwa kwa hakimu, na kesho kutwa matingatinga yangeingia mtaani kubomoa matanuri. Mkurugenzi alitaka sahihi ya Eulalia kwenye jalada kabla ofisi haijafungwa.

"Sahihi ni sekunde mbili, dada," alisema Wenceslao Ibarra kutoka meza ya pili, mdomo umejaa tamale, mkate wa mahindi. "Umelishikilia hilo jalada mpaka linaona aibu."

Wenceslao ndiye aliyekuwa macho ya ofisi angani. Mtu mnene, mcheshi, baba wa mabinti wanne. Kazi yake ilikuwa kupokea picha za setilaiti na kuzilisha kwenye programu ya akili mnemba aliyoifundisha mwenyewe kutafuta moshi na joto la viwanda. Programu hiyo ndiyo iliyomnyooshea kidole mzee Tiburcio kabla mtu yeyote hajamnyooshea. Tanuri namba thelathini na nane, ilisema, ndilo chafu kuliko yote ya San Onofre. Polisi walipokwenda, mzee hakubisha hata neno moja.

"Wences, baba yangu alikuwa akifanya kazi gani?"

"Mwashi. Umetuambia mara mia."

"Tarehe tatu Mei alikuwa akifanya nini?"

Wenceslao akaacha kutafuna. Tarehe tatu Mei ni Siku ya Msalaba Mtakatifu. Waashi hupandisha msalaba wenye maua ya karatasi juu ya jengo, mwenye nyumba anatoa nyama na bia, na hakuna mtu anayeshika mwiko. Wachoma matofali nao wana miiko yao. Tanuri likiwashwa siku hiyo, tofali litapasuka, na nyumba itakayojengwa kwa tofali hilo haitakaa mtu. Hata yule mlevi wa mwisho wa San Onofre hawezi kuthubutu. Karani aliyeandika ungamo alikuwa ametoka mji mkuu, hajui tofali linatoka wapi, ndiyo maana "bila kupumzika hata siku moja" ilimpita.

"Mzee kadanganya," alisema Eulalia. "Anajitia kitanzi mwenyewe, tena kwa uongo. Nionyeshe picha ya siku hiyo."

Wenceslao alitafuta. Siku hiyo haikuwamo. Programu ilikuwa na siku themanini na nane za kupima joto, na tarehe tatu Mei haikuhesabiwa. Alitafuta tena, akaikuta kwenye jalada la picha zilizokataliwa, chini ya maneno manne: *data yenye hitilafu, imeondolewa*.

"Ifungue."

Picha ilifunguka taratibu. Ilikuwa imepigwa saa tano kasoro asubuhi, mbingu safi, hakuna wingu. Matanuri yote arobaini yalikuwa meusi, baridi, maana yake hakuna aliyewasha. Ila palikuwa na doa moja jeupe la joto, pembeni, kama hatua sitini nyuma ya tanuri la mzee Tiburcio, ng'ambo ya ukuta mrefu.

Hapo Eulalia alipajua. Palikuwa ni kiwanda cha Metales del Llano, cha kuyeyusha betri kuukuu, ambacho ofisi hiyohiyo ilikifunga miaka miwili iliyopita na kukipiga lakiri mlangoni. Akamuuliza Wenceslao kwa nini mashine yake haikusema kitu.

Wenceslao alijibu kwa sauti ndogo, tamale limesahaulika mezani. Programu aliifundisha kwa picha elfu sita za matanuri ya matofali. Ikiona joto San Onofre, inatafuta tanuri la karibu na kulibandika jina. Siku ya Msalaba iliona doa moja tu mtaa mzima, ikaona haiwezekani, ikalitupa.

"Na kiwanda?"

"Kimefungwa, Eulalia. Orodha ya viwanda vilivyofungwa inatoka humu humu ofisini. Niliiambia programu isivihesabu."

"Kwa hiyo kimefungwa kwenye karatasi, na mashine ikafumba macho."

"Nilifumba mimi," alisema Wenceslao. "Mashine haina makosa yake yenyewe."

Eulalia hakumfariji, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimwagiza alete na picha ya Ijumaa Kuu, siku nyingine pekee ambayo matanuri yote hupoa. Kwa kawaida tanuri huwaka siku tatu mfululizo, hata Jumapili, na mtaa haukosi moshi. Picha ya Ijumaa Kuu ilikuwa nyeusi tupu, kiwanda na matanuri pamoja. Hapo mchezo ukaonekana wote. Mtu alikuwa akiyeyusha betri nyuma ya lakiri, na alikuwa akifanya hivyo siku ambazo matanuri yanawaka, ili moshi wake ujifiche ndani ya moshi wa maskini. Ijumaa Kuu kila mtu anaijua. Lakini wenye kiwanda walikuwa wageni wa kaskazini, waliojua kwamba waashi hupumzika Siku ya Msalaba na wasijue kwamba na matanuri hupumzika.

Eulalia alimpigia simu mkurugenzi. Mkurugenzi alimsikiliza, kisha akamkumbusha kwamba picha moja, tena iliyokataliwa na mashine ya ofisi yenyewe, haiwezi kumpa hakimu sababu ya kuvunja lakiri. Alete mtu anayesema kwa kinywa chake kwamba ndani kuna kazi. Na kama ungamo la mzee bado limesimama kesho saa nne, basi jalada limefungwa, na kiwanda kinabaki kimefungwa vilevile kilivyo.

"Vilevile kilivyo," alirudia Eulalia, akakata simu kabla hajasema la kumfukuzisha kazi.

Alifika San Onofre saa saba mchana. Kwanza alikwenda kwenye tanuri la mzee. Rundo la matairi lililopigwa picha na polisi lilikuwa palepale, ushahidi namba moja. Aliinama akalitazama vizuri, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya matairi, na katika moja panya alikuwa amejenga na kuzaa. Matairi yale hayakuguswa tangu mwaka jana. Mdomoni mwa tanuri palikuwa na vumbi la mbao na vipande vya mti wa mesquite, basi.

Akatoa kipimo cha risasi cha mkononi, kile chenye umbo la kikaushia nywele, akakigusisha kwenye majivu. Kikasoma sehemu hamsini na tano kwa milioni. Udongo wa kawaida wa mashambani hauko mbali na hapo. Maabara haikuwahi kupima majivu yale, kwa sababu mtu akishaungama nani atahangaika na majivu?

Kutoka hapo alikwenda nyumbani kwa mzee. Alimkuta Obdulia, mama yake Yaretzi na mke wa Eleuterio, yule ambaye mtaa mzima humwita Lute, mwana pekee aliyembakia mzee Tiburcio. Obdulia alikuwa akifua uani, amevaa nguo nyeusi za msiba. Mwanamke wa miaka ishirini na minne, macho makavu ya mtu aliyelia akamaliza. Alimkaribisha mgeni kiti na maji ya jamaica, ya maua ya rosela, kwa adabu, na kwa uchungu wa wazi. Alisema baba mkwe wake hajawahi kuchoma tairi, na kwamba kama serikali inataka kumfunga mtu, ifunge na wale waliomwandikia maneno.

Eulalia aliomba kuona picha za Siku ya Msalaba, kama wanazo. Zilikuwamo kwenye simu. Mzee Tiburcio akiwa na kofia mpya, Yaretzi amebebwa begani, msalaba wa bluu juu ya tanuri, mchuzi wa mole kwenye sufuria, majirani wote wamejipanga. Eulalia alizipitia moja moja mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo.

"Lute simwoni."

"Aliondoka baada ya misa. Alikuwa na kibarua mjini."

"Mchoma matofali anafanya kibarua Siku ya Msalaba?"

Obdulia alikamua nguo kwa nguvu. Alisema hata baba mkwe alinuna siku ile, nusura wagombane mbele za watu. Lakini kibarua hicho kinalipa kuliko tofali, na tajiri alisema asiyekuja siku hiyo asirudi tena. Kazi gani? Kupakia na kupakua, Lute ndivyo alivyosema. Wapi? Hakuuliza. Mwanamume akileta chakula, alisema, humuulizi njia aliyopita.

Eulalia alikuwa akitazama beseni. Maji ya kufulia nguo za mchoma matofali huwa mekundu, mtaa mzima mifereji yake ni mekundu. Maji haya yalikuwa ya kijivu. Mikononi mwa Obdulia mlikuwa na koti la jinzi lenye matundu madogo madogo kifuani na mikononi, kingo zake zimeliwa, kama linavyofanywa na tindikali ya betri.

"Nipe hilo koti, mdogo wangu. Naomba sana."

Akaligusisha kipimo. Namba ilipanda, ikaendelea kupanda, ikasimama kwenye elfu kumi na moja na mia nne. Akapima kizingiti cha mlango: elfu tatu. Kochi ambalo Lute hukaa akirudi kazini: elfu tano. Aliandika kila kitu na saa yake.

Obdulia hakuwa mjinga. Aliuliza koti limefanya nini. Eulalia akasema analichukua kwa uchunguzi, maabara ndiyo yenye jibu, na kwamba kesho asubuhi na mapema aende zahanati apimwe damu. Akamwambia asifue tena nguo yoyote ya kazi ya mumewe, na aoshe mikono sasa hivi, mpaka kwenye viwiko.

"Ana koti jingine kama hilo," alisema Obdulia taratibu. "Kalivaa leo." Kisha, akiwa bado ameinamia bomba: "Hicho kitu kinadhuru mtoto aliye tumboni?"

Eulalia aliuliza mimba ni ya miezi mingapi.

"Miezi mitatu. Sijamwambia mtu. Mama, unanielewa, Yaretzi hajatimiza hata arobaini, nitaanzaje kusema? Usiwaambie. Si Lute, si baba mkwe."

Eulalia alikubali. Alisema "sawa" kwa haraka, kama watu wanavyosema sawa wakitaka kuondoka. Alimwacha Obdulia akiendelea kuosha mikono.

Mahabusu ya mkoa ilikuwa na chumba kimoja cha mahojiano, meza ya chuma na feni isiyofanya kazi. Mzee Tiburcio aliletwa saa kumi. Alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, viganja vyake vimekomaa kwa udongo. Alimsalimia Eulalia kama anavyosalimiwa mgeni nyumbani, akasubiri.

"Don Tiburcio, tarehe tatu Mei ulichoma nini?"

"Kama kawaida. Matairi."

"Siku ya Msalaba?"

"Labda hiyo siku sikuwasha."

"Hukuwasha. Nimeona kutoka juu, tanuri lako lilikuwa baridi. Na matairi yako panya amezalia ndani. Na majivu yako hayana risasi ya kumuua hata nzi."

"Basi niandike mwongo. Uongo ni kifungo cha miaka mingapi?"

"Michache."

"Basi niachie hii mingi niliyo nayo, binti yangu. Usinipunguzie."

Eulalia akaweka mezani picha ya koti. Mzee aliitazama, kisha akaigeuza kifudifudi kwa kidole kimoja.

"Nani alikuambia ni koti hili?" aliuliza Eulalia.

Daktari, alisema mzee. Usiku ule wa mwisho hospitali Lute na mkewe walikuwa wamekwenda kutafuta mtu wa kutoa damu, amebaki yeye peke yake. Daktari akamuuliza kama kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya betri. Akajibu hapana. Akaketi korido, na palepale kwenye benchi akalikumbuka koti. Siku nyingi alikuwa amejua kwamba Lute anaingia Llano kwa mlango wa nyuma, upande wa korongo, yeye na wenzake tisa, na alikuwa amenyamaza kwa sababu kila familia mtaani ilikuwa ikinyamaza. Hakujua kwamba kile kinachoyeyushwa mle kinaweza kutembea mpaka nyumbani.

"Yule mtoto alikuwa akimsubiri baba yake mlangoni," alisema. "Akisikia pikipiki tu, mbio. Anamrukia, anabana uso hapa." Akagusa kifua chake. "Kila siku ya Mungu. Na mimi nimekaa kwenye kiti changu, nacheka."

Eulalia aliacha kuandika. Aliumia, na hakuona haya kuonekana ameumia.

"Ukisema kiwanda," aliendelea mzee, "watapima nyumba, watamwambia Lute. Namjua mwanangu. Akijua ni kifua chake kilichomuua binti yake, hatamaliza wiki. Ndugu wa mama yake alijinyonga kwa jambo dogo kuliko hili. Mimi nimeshaishi. Tanuri langu wabomoe, jela nitakaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wangu ndiye huyo mmoja aliyebaki."

"Kuna watoto kumi na mmoja wengine."

"Najua majina yao. Wawili niliwasimamia ubatizo."

"Kesho saa nne jalada likifungwa, kile kiwanda kinaendelea kuwaka."

"Wana baba zao," alisema mzee, na sauti ikamkatika, kwa maana aliona mwenyewe alichokisema: baba zao ndio wale wenzake Lute.

Eulalia alikuwa na neno moja lililobaki, na halikuwa lake. Alijiuliza kama kuna njia nyingine. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na nusu, Lute hutoka kazini saa kumi na mbili, naye alikuwa amevaa lile koti la pili. Eulalia aliombwa asiseme, na akasema.

"Don Tiburcio. Obdulia ana mimba ya miezi mitatu."

Mzee akainua kichwa.

"Nimemkuta mchana anafua lile koti kwa mikono. Siku zote hizi ulizokaa humu ukimlinda Lute, yeye amekuwa akifua."

Mzee aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitazama. Hakulia. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayehesabu miezi, na labda ndivyo alivyokuwa akifanya. Mwishowe akamwambia Eulalia aandike: mlango wa nyuma, korongo, watu kumi, malori ya Jumatatu na Alhamisi, jina la tajiri. Aliyasema yote bila kupumzika, na Eulalia akayaandika, na mzee akatia sahihi kwa zile herufi zake kubwa.

Kwa maneno hayo hakimu angeweza kutoa hati jioni ileile. Eulalia alisimama, akasema atatuma watu wamngoje Lute barabarani kabla hajafika nyumbani, na kwamba daktari atakuwa nao wa kumweleza kwa upole.

"Asielezwe na mtu mwingine," alisema mzee. "Mimi ndiye niliyenyamaza. Nipe simu."

Sheria inasema mahabusu akipiga simu afisa abaki chumbani na aandike kila kinachosemwa. Eulalia aliketi tena, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa. Simu iliita mara sita. Iliposhikwa, nyuma ya sauti ya Lute palikuwa na mngurumo mzito wa mashine, na Lute akauliza kwa furaha na wasiwasi kama wamemwachia.

"Bado, mwanangu," alisema mzee Tiburcio. "Usirudi nyumbani leo. Njoo kwanza hapa nilipo. Ni habari ya Yaretzi."

Lute akauliza, habari gani tena ya Yaretzi, baba, si tumeshamzika. Mzee akafunga macho, akaishika simu kwa mikono miwili, akamwambia. Eulalia aliandika kila neno.